Siku za Mwisho Ni za Nani?

Kuna ugonjwa mmoja ambao ofisi za Nairobi haziuamini: ugonjwa wa mtu aliyeshaandika barua ya kuacha kazi. Ukiugua ukiwa bado mwajiriwa mwenye mipango ya kukaa, wenzako watakuchangia matunda na bosi atakutumia ujumbe wa pole. Ukiugua wiki mbili baada ya kupeleka barua, homa ile ile, kikohozi kile kile, inageuka kuwa hila. Ati unajifanya. Ati umeshaanza kazi kwingine na unakula mishahara miwili. Karatasi ya daktari inainuliwa kwenye mwanga kama noti ya elfu inayoshukiwa.

Nimeisikia hadithi hii kwa watu wengi wa rika langu: wa benki, wa shule za kibinafsi, wa maduka makubwa, wa kampuni za kupokea simu. Ofisi hazifanani, mabosi hawajuani, lakini maneno yanafanana hadi unashangaa. "Utaturudishia hizo siku." Maneno yakifanana hivyo kila mahali, ujue yana babu mmoja. Hapa nataka kumtafuta babu huyo.

Mimi si mwanasheria. Chuo kikuu niliacha mwaka wa tatu, kwa hivyo sina profesa wa kunionyesha njia. Nimesoma jinsi watu wa mtaa wanavyosoma: siku chache kwenye jengo la Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, siku nyingi zaidi kwenye simu, bando ikiisha nangoja. Nilichokipata kinaanza mbali na sisi, na kinaanza, amini usiamini, na ugonjwa.

Tauni na jela

Mwaka 1348 tauni iliingia Uingereza. Iliua watu wengi mno. Makadirio mengi yanasema kati ya theluthi moja na nusu ya wakazi wote. Mashamba yalibaki, mabwana wengi walibaki, lakini mikono ya kulima ikawa adimu. Na kitu kikiwa adimu, bei hupanda. Mkulima wa kibarua aliyezoea kulipwa kidogo akaanza kusema: nilipe zaidi, ama niende kwa jirani yako.

Mfalme Edward III alijibu haraka. Mwaka 1349, tauni ikiwa bado inazika watu, alitoa amri kwamba mishahara irudi ilivyokuwa kabla ya ugonjwa. Mwaka 1351 bunge likaipa amri hiyo nguvu zaidi kwa sheria yake. Ndani ya amri ya 1349 kulikuwa na jambo linalotuhusu moja kwa moja: mfanyakazi aliyeondoka kabla ya muda aliokubaliana na bwana wake, bila ruhusa wala sababu ya maana, adhabu yake ilikuwa jela.

Fikiria hapo kidogo. Leo mtu akivunja mkataba wa kukuuzia gari, unampeleka kortini akulipe. Humfungi. Lakini mkataba wa kazi ulitengwa na mikataba mingine: bwana akiuvunja, alidaiwa pesa, mtumishi akiuvunja, alikuwa mhalifu. Sheria zilibadilika majina kwa karne nyingi, kukaja nyingine ya 1563, kukaja nyingine tena, lakini mizani ilibaki imeinama upande mmoja. Ilikuwa ni kana kwamba anayeondoka kazini anaiba kitu. Kitu gani? Siku zake mwenyewe.

Baharia aliyekufa karibu na bandari

Na kama hajaondoka kwa hiari, ila mwili ndio umemwangusha? Jibu la zamani liko kwenye kesi moja ya 1795 ambayo wanafunzi wa sheria huisoma mpaka leo, iitwayo Cutter v Powell.

Cutter alikuwa msaidizi wa pili wa nahodha kwenye merikebu iliyotoka Jamaika kwenda Liverpool. Aliahidiwa kwa maandishi gini 30, mradi afanye kazi yake mpaka merikebu ifike Liverpool. Zilikuwa pesa nyingi. Mtu wa cheo chake kwa kawaida alilipwa pauni nne kwa mwezi. Waling'oa nanga tarehe 2 Agosti 1793. Tarehe 20 Septemba Cutter akafa baharini. Merikebu ilifika Liverpool tarehe 9 Oktoba. Alikuwa amebakisha siku 19.

Mjane wake alikwenda mahakamani. Hakudai gini zote 30. Aliomba tu malipo ya siku ambazo mumewe alifanya kazi. Alinyimwa. Majaji, wakiongozwa na Lord Kenyon (ndiyo, Kenyon, historia nayo ina utani wake), walisema makubaliano yalikuwa ya kufika ama kukosa yote. Cutter alikuwa amekubali malipo makubwa kwa sharti gumu, na hakufika. Nusu safari haina nusu malipo.

Kwa haki, tuseme majaji hao hawakuwa wakimtukana marehemu. Walikuwa wakisoma karatasi iliyokuwa mbele yao. Lakini angalia wazo linalobaki ukishaondoa maneno ya kortini: mtu akiugua ama akifa kabla ya siku ya mwisho, pengo ni lake. Anayelipa gharama ya mwili kushindwa ni mwenye mwili.

Wazungu wenyewe walianza kuona aibu. Mwaka 1870 bunge lao lilipitisha sheria kwamba mishahara ihesabiwe kuwa inakusanyika siku hadi siku. Mwaka 1875 wakapitisha nyingine zilizofanya kuacha kazi kabla ya wakati kuwa shauri la madai, isipokuwa katika hali chache za hatari. Baada ya zaidi ya miaka mia tano, mfanyakazi wa Uingereza aliyeondoka kazini hakuwa tena mhalifu.

Sasa shika hiyo tarehe: 1875. Uishike vizuri.

Kilichotupwa kule kikaokotwa huku

Sheria ya Kiingereza ilifika kwetu rasmi tarehe 12 Agosti 1897. Mpaka leo Sheria ya Mahakama ya Kenya inaitaja tarehe hiyo kama mpaka: sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza siku hiyo ndizo zilizorithiwa hapa. Mtu angetegemea basi kwamba tungerithi Uingereza ya baada ya 1875, ile isiyomfunga mtu kwa kuacha kazi.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1906 serikali ya kikoloni ilipitisha hapa Sheria ya Mabwana na Watumishi, na mwaka 1910 ikaiandika upya. Kutoroka kazi likawa kosa la jinai, adhabu yake faini ama jela. Yaani kitu walichokitupa kwao miaka 31 nyuma, walikiokota, wakakifuta vumbi, wakakileta kwetu.

Sababu yake haikuwa siri. Walowezi walikuwa wamepewa ardhi kubwa na hawakuwa na watu wa kuilima. Mwafrika mwenye shamba na mifugo yake hakuwa na haja ya kuchumia mtu kahawa. Kodi ya nyumba ilimtoa nyumbani kutafuta shilingi. Sheria ya kutoroka ilimzuia asirudi mapema. Ni hesabu ile ile ya Edward III: mikono ikiwa adimu, usipandishe mshahara, funga mlango.

Na mlango huo ulikuwa na jina ambalo wazee bado wanalikumbuka: tiketi.

Mfanyakazi wa mkataba wa tiketi alipewa kadi ya siku 30 za kazi. Hazikuwa siku 30 za kalenda. Zilikuwa siku 30 alizofanya kazi hasa, na alipaswa kuzimaliza ndani ya siku 42. Kila jioni nyapara aliweka alama kwenye kadi. Usipofanya kazi, alama hakuna. Malipo yalikuja kadi ikijaa.

Babu yangu alichuma kahawa upande wa Ruiru akiwa kijana, na kadi kama hizo alizijua. Nilimuuliza siku moja tukinywa chai:

"Babu, na mtu akiugua?"

"Mjukuu wangu, ukiugua kadi inalala."

"Inalala vipi?"

"Inalala tu. Wewe uko kitandani, nayo iko kitandani. Ukiamka, mnaendelea mlipoachia."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayekueleza barabara ilivyokuwa kabla ya lami. Lakini mimi nilisikia kitu kingine. Mwezi wa babu haukuwa mwezi wa mbalamwezi wala wa kalenda ya ukutani. Ulikuwa mwezi wa bwana shamba, na kila siku ya homa iliurefusha. Ugonjwa wake ulikuwa deni.

Hesabu ya siku tano

Niliyasikia maneno hayo ya babu yakisemwa upya, kwa Kiswahili safi cha ofisi, mwaka nilioacha kazi yangu ya kwanza.

Nilikuwa nimepeleka barua ya kujiuzulu, notisi ya siku 28, tarehe ya mwisho imeandikwa. Wiki ya pili nikapatwa na nimonia. Asubuhi ile ile nilimtumia msimamizi wangu ujumbe, nikaenda zahanati ya karibu na nyumbani, nikapewa dawa na karatasi ya kupumzika siku tano. Niliporudi niliitwa na yule mama wa HR.

"Pole sana, kijana. Unaendelea vizuri?"

"Naendelea vizuri, madam. Asante."

"Sawa. Sasa tarehe yako ya kuondoka tumeisogeza mbele siku tano."

"Madam, lakini karatasi ya daktari nimeleta."

"Hatukatai kwamba uliugua. Lakini siku zetu utaturudishia. La sivyo sijui kama cheti chako cha kazi kitatoka."

Siku zetu. Hakuwa mtu mbaya; alinipa pole na naamini alimaanisha. Sidhani amewahi kusikia habari za tiketi. Lakini hesabu aliyonifanyia ni ya nyapara wa Ruiru, siku kwa siku: kadi imelala siku tano, sasa iamke.

Sikuzirudisha. Tarehe iliyokuwa kwenye barua yangu ilipofika, nilikabidhi kompyuta na kadi ya mlango, nikaaga wenzangu, nikaenda. Mshahara wa mwisho ulikuja umekatwa siku tano. Cheti cha kazi kilichukua wiki saba na barua mbili, na katika wiki hizo nafasi moja niliyokuwa nimeahidiwa ikaenda kwa mtu mwingine, kwa sababu waajiri wapya walitaka kuona karatasi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba karatasi hiyo nayo ina ukoo wake.

Sahihi ya bwana

Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza kumalizika, serikali ya kikoloni ilikuwa na tatizo na sheria yake ya kutoroka: iliweza kumfunga mtoro, lakini haikuweza kumpata. Mtu alitoka shamba moja Kiambu, akabadilisha jina, akaandikwa lingine Nakuru. Dawa ilikuwa sheria ya kuandikisha Waafrika ya 1915, iliyoanza kutekelezwa vita vilipoisha, kati ya 1919 na 1920. Hiyo ndiyo kipande.

Wengi wetu shuleni tulifundishwa kipande kama kitambulisho cha kudhalilisha, na kilikuwa hivyo kweli: karatasi yenye alama za vidole, ndani ya kikebe cha chuma, kinaning'inia shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ya ofisi. Kwenye karatasi ile mwajiri aliandika tarehe uliyoanza kazi, mshahara wako, na tarehe aliyokuachilia, kisha akatia sahihi. Bila sahihi ya kukuachilia, hukuwa umeachiliwa. Mwajiri mwingine hakuruhusiwa kukuandika. Ulikuwa bado wa bwana yule, hata kama umekaa nyumbani kwa mama yako mwezi mzima unatapika.

Kwa hivyo bwana aliyekasirika hakuhitaji kukupeleka kortini. Kalamu yake ilitosha. Alikaa tu bila kutia sahihi, na maisha yako yakasimama.

Watu walikichukia kitu hiki kuliko tunavyokumbuka. Harry Thuku, aliyekuwa mpokea simu kwenye Hazina ya serikali, alianzisha chama cha East African Association mwaka 1921, na kipande kilikuwa kati ya malalamiko yake makubwa pamoja na kodi na mpango wa walowezi wa kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Tarehe 16 Machi polisi walifyatua risasi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewachochea wanaume waliokuwa wakisitasita, alikuwa kati ya waliouawa. Tunamkumbuka kama shujaa wa siasa, na ndivyo alivyo. Lakini moja ya mambo yaliyowatoa watu nyumbani siku ile lilikuwa hili la kawaida kabisa: mtu kutoweza kuacha kazi bila ruhusa ya mtu mwingine.

Mwaka 1939 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha huko Geneva mkataba wa kuondoa adhabu za jela kwa wafanyakazi wa makoloni waliovunja mikataba ya kazi. Kipande chenyewe kiliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940, uandikishaji ulipopanuliwa kwa watu wa rangi zote. Kikebe kikavuliwa shingoni. Tabia haikuvuliwa siku hiyo hiyo.

Kibarua

Kuna waliokwepa tiketi na mikataba mirefu, na njia yao ilikuwa Mombasa. Bandarini mtu angeweza kufanya kazi kwa siku. Leo upo, kesho ukitaka hupo, na hakuna wa kukuita mtoro. Lugha yetu imehifadhi historia hiyo ndani ya neno moja: kibarua ni barua ndogo, ile karatasi mfanyakazi wa siku aliyopewa kuonyesha kwamba amefanya kazi na anadai malipo. Karatasi ikawa jina la kazi, kisha ikawa jina la mtu.

Uhuru huo ulikuwa na bei. Kibarua haandiki notisi, na pia haugui. Yaani anaugua, ila hakuna anayejua. Asubuhi jina lake halitajwi, mwingine anachukua nafasi. Mwezi Januari 1947, wakati wafanyakazi takriban 15,000 walipogoma Mombasa, wa bandari na wa reli, wa hoteli na wa majumbani, chini ya viongozi kama Chege Kibachia, kilio kikubwa kilikuwa mshahara na gharama ya maisha. Lakini mgomo huo pia uliwatia serikali na waajiri wasiwasi juu ya umati wa watu wa kazi ya siku, na miaka iliyofuata ilitumika kujaribu kuwageuza kuwa wafanyakazi wa kudumu, wenye majina kwenye orodha.

Mfanyakazi wa Kenya, basi, alirithi milango miwili. Mmoja: una kazi ya kudumu, lakini kuondoka ni kosa. Wa pili: una ruhusa ya kuondoka saa yoyote, lakini ukiugua hujulikani. Rafiki zangu wanaoendesha pikipiki za kupeleka chakula wanaujua mlango wa pili bila kusoma historia yoyote.

Siku 28 za kalenda

Sheria ya Ajira ya 2007 ilijaribu kuifungua milango hiyo yote miwili, na ukiisoma huku kumbukumbu za tiketi na kipande zikiwa kichwani, unaiona imejibu kila kitu kimoja kimoja.

Anza na notisi. Kifungu cha 35 kinasema kwamba kama unalipwa kwa mwezi, mkataba unaweza kuvunjwa na upande wowote mwishoni mwa siku 28 zinazofuata notisi ya maandishi. Zinazofuata notisi. Hazikuandikwa siku 28 za kazi wala siku 28 za afya njema. Ni siku za kalenda, pamoja na Jumapili, pamoja na sikukuu, pamoja na siku ulizolala na nimonia. Mkataba wako unaweza kutaja notisi ndefu zaidi, na wengi tumesaini ya mwezi mmoja ama mitatu, lakini sheria yenyewe haisemi popote kwamba ugonjwa unasogeza tarehe. Tiketi ilihesabu jasho. Sheria hii inahesabu kalenda.

Kifungu cha 30 ndicho cha ugonjwa. Ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo, una haki ya siku zisizopungua saba za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili, na baada yake saba kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Masharti ni mawili: umjulishe mwajiri mapema kadiri inavyowezekana, na ulete cheti kilichotiwa sahihi na daktari aliyehitimu, ama anayesimamia zahanati au kituo cha afya kwa niaba ya daktari. Hakuna mstari unaosema haki hii inakufa siku unayoandika barua ya kujiuzulu. Mpaka siku ya 28 iishe, wewe ni mwajiriwa kama yule wa meza ya pili.

Masharti hayo mawili yana maana. Mwajiri naye ana hofu yake, na si ya uongo: wapo watu wanaotokomea wiki mbili za mwisho, simu imezimwa, kazi haijakabidhiwa kwa mtu. Kukosekana bila ruhusa wala sababu halali ni kosa kubwa chini ya kifungu cha 44, na kunaweza kukufukuzisha papo hapo. Kwa hivyo sheria imempa mwajiri kitu cha kuuliza, nacho ni cheti. Akikiona na kikiwa halali, maswali yameisha. Haijampa ruhusa ya kupima moyo wako kama kweli ulitaka kuja kazini.

Na mwajiri asiyetaka kukuona tena ana njia pia. Kifungu cha 38 kinamruhusu akuachilie kabla notisi haijaisha, mradi akulipe siku zilizobaki, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hata anayefukuzwa papo hapo kwa kosa kubwa hulipwa siku alizofanya kazi mpaka siku ya kufukuzwa. Mjane wa Cutter angeisoma hiyo angelia.

Mlango wa pili nao umeguswa: chini ya kifungu cha 37, kibarua ambaye siku zake za kazi mfululizo zimefikia mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa mtu wa siku, na anaanza kustahili notisi kama wa mwezi. Ni waajiri wangapi wanaotii hilo ni mada ya siku nyingine.

Deni lisilokuwepo

Tatizo ni kwamba sheria hubadilika Bungeni siku moja, lakini mazoea ya ofisi hayana siku ya kura. Kanuni za kampuni hunakiliwa kutoka kanuni za kampuni nyingine, nazo zilinakiliwa kutoka za kabla yake, mpaka unafika mahali ambapo aliyeandika alikuwa na shamba la mkonge na shida ya watoro. Hakuna aliyekaa akaamua kurudisha tiketi. Ilibaki tu, kama fanicha nzito ambayo kila mpangaji mpya anaikuta ndani ya nyumba na kuona uvivu wa kuihamisha.

Hata lugha yetu inatusaliti. Tunasema mtu "anatumikia notisi", na kitu kingine tunachotumikia kwa Kiswahili ni kifungo. Ndiyo maana ugonjwa wa mwezi wa mwisho unaonekana kama kutoroka jela. Lakini notisi haikuwekwa iwe adhabu. Iliwekwa ili pande zote mbili zipate muda: mwajiri atafute mtu mwingine, mfanyakazi akabidhi kazi kwa heshima. Ni onyo la kirafiki lenye tarehe. Mwili ukiugua ndani ya muda huo, umeugua kama miili inavyougua, na mwenye mwili hana deni la kulipa.

Kwa hivyo kama uko ndani ya siku zako 28 sasa hivi na kifua kinakubana, nenda hospitali. Tuma ujumbe asubuhi ile ile, uandikwe, usipige simu tu. Cheti kipige picha kabla hujakitoa mkononi. Kazi unayoweza kukabidhi, kabidhi. Kisha lala, upone.

Na wakikutishia na cheti cha kazi, kumbuka kifungu cha 51, ambacho kwangu ndicho kizuri kuliko vyote. Kinasema mwajiri lazima ampe cheti hicho kila aliyefanya kazi angalau wiki nne mfululizo. Kinataja vitu vya kuandikwa humo: jina la mwajiri na anwani yake, jina lako, kazi uliyofanya na mahali, tarehe ulipoanza, tarehe ulipomaliza. Hakidai sifa, hakidai tabia. Na mwajiri anayekataa kukitoa kwa makusudi ama kwa uzembe anatenda kosa: faini isiyozidi shilingi 100,000, ama jela isiyozidi miezi sita, ama vyote viwili.

Rudia hapo. Mwaka 1920 bwana alishika kalamu, na asipotia sahihi, aliyekuwa hatarini ya jela alikuwa mfanyakazi. Leo kalamu ni ile ile na karatasi inafanana, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, sahihi. Ila asipotia sahihi, anayeweza kufungwa ni yeye.